Macho ya Mgeni

Tangu stendi ya mabasi ihamishiwe kule barabara mpya, katikati ya mji pakabaki kama ukumbi wa harusi siku ya pili: viti vipo, watu hakuna. Wenye maduka walikaa milangoni wakifukuza nzi na kuilaumu manispaa, manispaa nayo ikawalaumu wenye maduka, mpaka mtu mmoja huko ofisini akapata wazo la semina. Siku hizi jambo likishindikana huitiwa semina. Kila mtaa ulitakiwa utoe mtu mmoja, afundishwe kazi ya kufufua mji, apewe cheti, kisha arudi kuwaongoza wenzake.

Mtaa wa mafundi ulimchagua msusi. Saluni yake ndiyo pekee iliyokuwa bado ina watu wa kusubiri, na mdomo alikuwa nao; ukikaa kwenye kiti chake kusukwa, unainuka na habari za mji mzima. Wenzake walidhani amekubali kwa kupenda ukubwa. Walimsingizia. Alikubali kwa ajili ya kaka yake.

Kaka huyo alikuwa fundi redio, na duka lake lilitazamana na saluni, barabara tu ikiwatenganisha. Kwa urefu na wembamba wake watu walimwita Antena, naye aliitika bila kinyongo. Ndiye aliyemlea msusi walipofiwa na wazazi. Alimlisha kwa redio za watu, akamfungulia saluni kwa redio za watu, na yeye mwenyewe akachelewa kuoa kwa sababu alitaka kwanza amwone mdogo wake ametulia. Sasa redio zilikuwa zimekwisha. Watu husikiliza kila kitu kwenye simu, na simu ikifa hununuliwa nyingine. Antena alibandika magazeti kwenye kioo cha duka, akadai jua linamchoma macho. Siku nyingi mlangoni palining'inia kufuli, na msusi akiliona moyo wake hutulia, maana alijua kaka ameitwa nyumbani kwa mteja. Akimuuliza, Antena humjibu kwamba kazi zipo, tena za kumwaga, ni miguu tu inayomchosha.

Manispaa ilikuwa imetangaza kwamba vyumba vyake vya maduka vilivyolala bila kazi vitachukuliwa na kupewa watu wengine. Ila iliahidi pia kwamba kila atakayehitimu semina atatengenezewa duka moja la mfano mtaani kwake, lile atakaloonyesha kuwa limechoka kuliko yote. Litapigwa rangi, litawekwa kioo, taa na kibao kipya. Msusi akapiga moyo konde kwamba duka hilo litakuwa la Antena. Hakumwambia, kwa kuwa alimjua. Angekataa kabla sentensi haijaisha.

Semina ikaanza, kwenye chumba cha juu cha maktaba. Mkufunzi alikuwa mama mmoja aliyechomeka kalamu kwenye nywele na kuisahau, kisha akaitafuta mkobani mbele ya darasa zima, na wanafunzi wakampa jina la Mama Kalamu. Aliwafundisha kuwatazama wapita njia na kujua wanakwepa nini, kuendesha kikao cha wafanyabiashara kisiishie kwenye ngumi, na kumbembeleza mwenye nyumba apake rangi bila yeye kuhisi ameamrishwa. Msusi, aliyeacha shule mapema, alijikuta kila akinyoosha mkono anasifiwa. Ni kitu kitamu, kusifiwa ukubwani. Wateja wakaanza kumtania kwamba siku hizi hata nywele anazifanyia tathmini kabla ya kuzichana.

Zoezi la mwisho liliitwa macho ya mgeni. Darasa zima lilikwenda mtaani kwa kila mwanafunzi, naye akasimama mbele ya duka alilolichagua na kusema kwa sauti anachokiona, kana kwamba ameshuka kwenye basi sasa hivi na hamjui mtu. Kumtaja mwenye duka ilikuwa marufuku, na kumtetea pia. Mama Kalamu aliwaambia kwamba ukianza kumwonea mtu huruma, duka lake hutaliona tena.

Zamu ya msusi ilipofika, aliliona kufuli kwa mbali na akamshukuru Mungu. Kaka alikuwa kazini, asingesikia. Wiki nzima alikuwa ameyasema maneno yake kimoyomoyo huku akisuka, akipunguza hapa na kunoa pale. Akasimama mbele ya kile kioo, wenzake nyuma yake, akakohoa kidogo kusafisha koo, akaanza.

"Mimi ni mgeni hapa. Naona kioo kimefunikwa magazeti, kwa hiyo mwenyewe hataki nione ndani. Kibao kimefutika, hata sijui nikiingia nitauziwa nini. Kizingiti kina vumbi. Huyu mtu amekata tamaa."

Nyuma ya magazeti mtu akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kifupi, kikavu. Wengine hawakukijali, pengine walidhani ni mtu wa duka la jirani. Msusi alikijua. Ndicho alichokisikia utotoni kila jioni, Antena alipokohoa mlangoni kabla ya kuingia ili mdogo wake asiogope kishindo. Mama Kalamu alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, na mwisho wa maneno ndio ulikuwa umebaki, ile sehemu nzuri kuliko zote. Angeweza kunyamaza. Angeweza kudai koo limemkauka, au kuangua kicheko, au kuzimia kabisa. Alijikaza kisabuni, akamaliza.

"Mimi ningepita tu. Aliyemo humu ameshakufa, bado kuzikwa."

Wakampigia makofi.

Mpaka leo hajui kwa nini aliendelea. Alitaka duka lichaguliwe. Watu walikuwa wanamtazama. Na zile sifa zilikuwa zimemkolea. Yote hayo ni kweli, na hata ukiyajumlisha hayatoshi.

Darasa lilipoondoka alizunguka uani mbio. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Antena alikuwa ameketi nyuma ya meza yake ya kazi, na juu ya meza hapakuwa na redio hata moja. Palikuwa pamefutwa, safi kabisa, na waya wa pasi yake ya kulehemu umezungushwa na kufungwa kama kitu kinachohifadhiwa. Hapo ndipo msusi alipoelewa. Kila asubuhi kaka yake alifunga kufuli mbele, akazunguka, akaingia kwa nyuma na kukaa humo mpaka jioni, ili yeye kule ng'ambo ya barabara aamini kwamba ameitwa kazini. Magazeti hayakuwa ya kuzuia jua. Yalikuwa ya kumzuia yeye.

"Umefaulu?" Antena akauliza.

Msusi akalia. Akaeleza katikati ya kwikwi habari za rangi, kioo, taa na kibao. Kaka yake alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia asante, mpango ni mzuri, na kwamba sauti yake ilisikika vizuri sana. Wiki hiyohiyo alirudisha funguo manispaa. Aliwaambia wampe mtu mwenye kazi.

Duka la mfano likatengenezwa, na kwa kweli linapendeza. Anauza humo kijana mmoja wa vifuniko vya simu. Mama Kalamu hulitembelea na wanafunzi wapya, na msusi huwaeleza jinsi lilivyokuwa, maana ndiyo kazi yake sasa. Huwaeleza vizuri. Akimaliza, hurudi saluni na kumwacha mteja na kichwa nusu, aende kunawa uso.

Kila Jumapili humtembelea Antena. Wifi huleta chai na kuwaacha peke yao. Antena huuliza habari za mtaa, mlango kwa mlango: cherehani ya fulani imepona, yule wa baiskeli amepata chumba? Wakifika kwenye mlango wake, anauruka. Msusi naye huruka.

Jumapili moja hakuruka.

"Kaka, siku ile nilisikia ukikohoa."

"Najua."

"Nilisikia kabla sijamaliza."

Antena aliweka kikombe chini. Hakuwa na hasira, na msusi angetoa chochote laiti angekuwa nayo.

"Nilikohoa ili usimalize," alisema. "Mimi maneno yale nilikuwa nimeshajiambia zamani. Nilikuhurumia wewe, utaishi nayo vipi."

Kisha akauliza kama mshona viatu bado anaumwa mgongo.