Mawe ya Redio na Ulimi wa Shangazi Mwanaisha

Enzi zetu, enyi wenzangu mnaoyasoma haya kwa miwani, mita ilikuwa ulimi. Leo mjukuu wangu Zuhura ana kidude cha manjano chenye nyaya mbili, mmoja mwekundu na mmoja mweusi, akigusisha huku na huku kinaonyesha namba, na kikiridhika kinalia piip. Hicho ndicho anachokiita mita. Meza yangu ya chakula hapa Malindi ameigeuza karakana. Kumejaa vibao vya kijani vyenye miguu kama ya tandu, vijitaa vidogo kama mbegu za papai, na harufu ya kulehemu inayoingia hadi kwenye wali. Sisemi kitu, maana yeye ndiye anayepika wali wenyewe. Lakini sisi tulipokuwa wadogo huko mashambani Magarini, mtu akitaka kujua kama betri ina uhai, alitoa ulimi nje.

Betri tuliziita mawe. Mawe ya redio, mawe ya tochi. Mgeni akimsikia mama akimwambia mwanawe akimbie dukani alete mawe, alidhani tunajenga. Yakichoka yalianikwa juani kwenye mkeka mmoja na mihogo mikavu, na kuku wetu walijua kipi cha kudonoa na kipi cha kupita. Yakifa kabisa tuliyapasua. Ule mkaa wa katikati tuliandikia ukutani, na unga mweusi tulipeleka shule, ukachanganywa na majani yaliyopondwa, tukaupaka ubao wa darasa. Mimi shule niliiachia darasa la tatu, na hata hilo la tatu sikulimaliza, kwa hiyo naweza kusema mawe yalinisomesha, ila hayakunifikisha mbali.

Aliyekuwa na ulimi hasa ni Shangazi Mwanaisha, dada mkubwa wa baba, mjane, mwanamke mrefu asiyependa kuulizwa jambo mara mbili. Alichukua uzi wa waya, ncha moja akaibana chini ya jiwe kwa kidole, ncha ya pili akaiweka ulimini, kisha kichwa cha jiwe akakigusisha ulimi pembeni yake. Akafumba macho. Halafu akatoa hukumu. Pilipili maana yake jiwe jipya. Ndimu, linafaa kwa redio. Ukwaju, tochi tu, tena kwa safari ya chooni. Maji, wape watoto wakapasue. Majirani walimletea mawe yao kwenye vikapu, naye akayaonja kizingitini huku akichambua mchele. Sisi watoto tulijifunza kwake, na nakumbuka ule mwasho mpaka leo, mchachu, unaokimbia pembeni mwa ulimi hadi sikioni.

Sasa niwaambie kisa cha Idi, kabla sijaanza kueleza habari za kuku.

Babu zetu walitoka visiwa vya kaskazini, lakini baba alichukua shamba Magarini, mahindi na mikorosho, na msikiti wa karibu ulikuwa mbali kiasi kwamba adhana tuliikisia kwa kivuli. Habari ya mwezi kuandama tuliipata kwa redio. Mwaka mmoja, jioni ya ishirini na tisa ya Ramadhani, mawe yalikuwa yamechoka, na tangazo lilipofika tulisikia hivi: “Mwezi…” kisha mkwaruzo, kisha “…onekana.” Basi. Na Kiswahili chetu mnakijua, kukana na kukubali kote kumekaa mwanzoni mwa neno. Umeonekana au haujaonekana? Shangazi alisema amesikia “ume”. Baba alisema amesikia “hauja”. Baba ndiye mwenye nyumba. Tukafunga.

Keshokutwa yake tulivaa kanzu mpya tukaenda mjini kwa jamaa zetu tusherehekee. Tukakuta pembea zimeshushwa, na watu wanaosha masufuria. Idi ilikuwa jana. Sisi siku ya Idi tulishinda na njaa, jambo ambalo dini imelikataza waziwazi. Binamu yangu alisimama mlangoni akauliza, “Jamaa wa Magarini, hiyo Idi yenu mmeileta kwenye kikapu?” Mwaka mzima tuliitwa waliofunga sikukuu. Baba, ambaye zamani akienda Malindi alisali safu ya mbele, sasa alisali nyuma karibu na viatu.

Basi mwaka uliofuata baba aliapa kwamba hiyo aibu hairudi. Alasiri ya ishirini na tisa alifungua redio, ikatoa sauti kama ya mbu. Akamwaga mkekani mawe yote ya nyumba, ya redio, ya tochi, na ya kikapuni. Redio ilikula manne. Kama hayapo manne mazima humo, ilibidi mtu aende Gongoni kwenye duka kabla halijafungwa, na mtu huyo aondoke sasa hivi. Globu ya tochi, ambayo ingetusaidia kupima, ilikuwa imeungua tangu Rajabu. Shangazi akachukua waya wake.

“Dada, usiguse,” baba akasema. “Umefunga.”

“Mpishi huonja chumvi kwa ncha ya ulimi akatema. Nami nitatema.”

“Chumvi ni chakula. Hilo ni jiwe.”

“Kama si chakula, litanifunguzaje?”

Baba alitazama jua. Mwanachuoni wa karibu alikuwa Mambrui, na jua halikumngoja mtu. Mwishowe akasema, “Mwaka jana tumefunga siku ya kula. Mwaka huu sitaki tule siku ya kufunga.” Shangazi akauweka waya chini taratibu, kwa namna ambayo sote tuliisikia.

Akaitwa Mzee Karisa, jirani yetu Mgiriama, ambaye yeye na Ramadhani hawakuwa na mkataba. Alikuja upesi, maana alijua nyumba ile jioni huwa na kaimati za sukari. Akaketi kwenye kigoda, akapewa waya, akaanza kuonja.

“Hili moto,” akasema. “Hili nalo moto. Hili, ai, hili moto kabisa. Bwana Athumani, una utajiri humu ndani.”

Shangazi alimtazama mdomo. Karisa alikuwa mtu wa ugoro, na kikopo chake hakikutoka kiunoni hata akioga. “Karisa, toa kwanza hiyo tumbako.”

“Nimeitoa,” Karisa akasema, na kweli alikuwa ameitoa, ameishika mkononi. Akaendelea. Hakuna jiwe lililokosa moto. Baba akafurahi, akayatia manne ya juujuu, redio akaiacha imezimwa ili isipoteze nguvu, na hakuna aliyetumwa Gongoni. Shangazi alisema neno moja tu, kwamba katika maisha yake hajaona kikapu kizima cha pilipili.

Jua likazama, tukafungua kwa tende na uji wa pilipili manga. Mihogo ya nazi ikafuata, na Karisa akafuata mihogo. Baba akaifungua redio. Ilikohoa mara moja ikanyamaza. Akaipiga kofi la upole ubavuni. Kimya. Sote tukamgeukia Karisa. Karisa akaangalia kaimati.

Duka lilikuwa limekwisha kufungwa, na tangazo lilikuwa njiani. Baba alikaa mikono magotini, na mimi, mtoto mdogo, niliona kabisa kwamba anafikiria ile safu ya nyuma na vile viatu.

Shangazi akasukutua kinywa, akatema, akavuta mkeka. Sasa alikuwa amefungua na hakuna wa kumzuia. “Maji,” akasema, akalitupa. “Maji. Maji. Ukwaju. Ndimu hii, weka. Maji.” Alipomaliza akamwambia Karisa bila kupandisha sauti, “Wewe hukuonja mawe. Umeonja ugoro wako, jiwe baada ya jiwe.”

Ndimu zilikuwa tatu. Baba akajaza la nne kwa lile la ukwaju, redio ikakataa. Shangazi akalitoa. Alisema jiwe lililochoka huwaziba wenzake njia, heri pawe na chuma kitupu pale kuliko mzigo. Akatazama huku na huku, macho yakatua kiunoni kwa Karisa.

“Nipe hicho kikopo.”

“Kina ugoro, Dada Mwanaisha.”

“Umwage.”

Karisa akamtazama baba, mwanamume mwenzake, amwokoe. Baba akatazama juu. Basi Karisa akaumwaga ugoro wake wote kwenye jani la mgomba, akaufunga kama mtu anayemvisha mtoto nguo, akakitoa kikopo. Shangazi akakikwangua rangi kwa kisu juu na chini, akakisukuma mahali pa jiwe la nne. Kikakaa kama kilizaliwa humo. Redio ikaanza kusema, sauti ndogo kama ya mtu aliye ndani ya mtungi, lakini kila neno limetimia.

Tulisubiri tukiwa tumeinama juu yake. Nakumbuka harufu ya ugoro ikitoka pamoja na sauti. Kisha yule msomaji wa tangazo akasema, taratibu, bila mkwaruzo wowote, kwamba mwezi haujaonekana.

Kaka yangu akaanza kulia. Mimi nikamsaidia. Kanzu zilikuwa zimepigwa pasi, na kumbe kesho ni njaa tena. Lakini baba alisimama akicheka peke yake.

“Mmesikia ‘hauja’?” akauliza. “Mmeisikia yote?”

Karisa akamnong’oneza shangazi, “Sasa hiyo ni heri au shari?”

“Ni kufunga.”

“Poleni.”

“Usitupe pole,” shangazi akasema, “kula kaimati.”

Siku ile ya mwisho ndiyo saumu tuliyoifunga kwa raha kuliko zote. Idi tukaikuta mjini ikiwa bado moto, pembea ziko juu, tambi zimejaa sukari, na binamu yangu akanipisha kwenye foleni ya pembea. Baba alisali mbele. Kikopo kilibaki ndani ya redio mpaka baba alipovuna mahindi akanunua mawe mapya. Karisa alitembea na ugoro kwenye jani, na kila akipita uani kwetu aliuliza kopo lake limesema nini leo.

Watoto wa siku hizi hawalambi kitu. Kila jambo wanaiuliza mita, na mita ikisema ndiyo hawaigombi. Juma lililopita Zuhura alikuwa akiunda kengele ya tangi la maji, ilie maji ya mfereji yakijaa, maana yanakuja kwa hiari yake. Kibao kikagoma. Kijitaa hakikuwaka, kengele haikulia. Akaanza kukipima nukta kwa nukta, piip hapa, kimya pale, bila haraka. Mimi nikamwambia, “Mama, anza na betri.” Akasema ameshaipima, ni nzima. Nikamuuliza ameionja? Akacheka, akaichomoa akanipa. Ni ile ya mraba, ndogo, vichwa vyote viwili viko juu pamoja, utadhani aliyeitengeneza alimfikiria Shangazi Mwanaisha.

Nikatoa ulimi. Nikafumba macho kama alivyofumba yeye. Nikangoja ule mwasho ukimbie mpaka sikioni.

“Maji,” nikasema. “Imekufa hii.”

Zuhura aliifuta kwa upindo wa leso, akaigusisha mita mbele yangu, namba zikatokea. “Babu,” akasema polepole, “betri ni nzima.” Akairudisha mahali pake, akaendelea kupima, na baada ya kitambo akapata mahali ambapo lehemu haikushika. Akapalehemu upya. Kijitaa kikawaka.

Kwa Karisa kila kitu kilikuwa moto, kwa ulimi wangu wa uzeeni sasa kila kitu ni maji. Shangazi alikwenda zamani, na mawe ya namna ile siyaoni tena madukani, na mwezi siku hizi wanauona kwenye simu kabla haujatoka mawinguni. Zuhura aliniletea kahawa ya tangawizi, akasimama akinitazama ninavyoionja, akauliza kama imekolea.

Nikamwambia pilipili kabisa.