Kipande cha Khanga Mtaroni

Harufu ya maganda ya mihogo yaliyolowa mvua hunirudisha Kariakoo, kwenye nyumba tuliyopanga, vyumba sita na korido moja, na kwenye aibu yangu ya darasa la nne.

Enzi hizo mifuko ya nailoni ilikuwa haijapigwa marufuku, na kila kulipokucha tulikuta mlangoni mfuko wa taka usio na mwenyewe. Kila mpangaji aliapa si wake. Mama yangu, mwanamke wa Lindi asiyependa maneno mengi, akaweka sheria: kila chumba kifunge taka zake kwa kipande cha khanga yake, kisha zipelekwe kwa mzee wa mkokoteni pale kona. Wenzake walimcheka, wakamwita bwana afya. Wiki haikuisha, mlangoni kukawa peupe. Mama akawa anapita koridoni kifua mbele, nami nyuma yake vivyo hivyo.

Kupeleka mfuko wetu ilikuwa kazi yangu. Mama aliufunga mwenyewe kwa kipande cha khanga ya njano, akanikabidhi. Siku moja nikakuta wenzangu wanacheza rede, na amebaki kutafutwa mtu mmoja. Kona ilikuwa mbali, mtaro ulikuwa karibu. Nikautumbukiza mfuko humo. Nisiwadanganye, siku ile nilicheza vizuri sana.

Alasiri mvua ya masika ikashuka. Maji yalikosa njia, yakarudi ndani, yakaingia chumbani kwa Mama Salma, muuza maandazi, yakalowesha gunia zima la unga. Vijana wakachokonoa mtaro kwa mti, wakavuta mfuko. Ulikuwa umefungwa kwa khanga ya njano.

"Mkuki kwa nguruwe, eeh?" Mama Salma alisema, machozi yakimlengalenga. "Mama Rehema, si wewe uliyetuwekea sheria?"

Mimi, Rehema mwenyewe, nilikuwa nyuma ya mlango. Mama alikitazama kile kitambaa.

"Kitambaa changu, taka zangu," alisema. "Nisamehe, dada. Unga uliomo ndani kwangu, chukua wote."

Kisha akavua kandambili, akaingia mtaroni, akazoa tope kwa mikono mpaka maji yakapita. Tangu hapo hakuna aliyemwita bwana afya tena, na sheria yake ikashikwa kuliko mwanzo.

Mimi sikuulizwa kitu. Kesho yake alinikabidhi mfuko kama kawaida.

"Kona unaijua," akasema.

Kwa miaka mingi nilijipongeza kwamba nimeponea chupuchupu. Nilidhani Mama aliamini mfuko ulidondoka kutoka kwenye mkokoteni. Juzi nilikuwa namkabidhi binti yangu taka zetu, vidole vyetu vikagusana, nikabaki nimesimama pale mlangoni. Kati ya mkono wa Mama na ule mtaro ulipita mkono mmoja tu.