Ukuta wa Machimbo ya Aikande

Aikande alianza kwa kuponda kokoto katika mtaa wa Kwa Mrombo mpaka akamiliki machimbo ya mawe juu ya mtaa wa Sekei. Mteja akishusha bei, yeye hujibu "haiwezekani" na kumwacha aende. Anayetaka kweli hugeuka kabla hajawasha gari, ndipo maongezi yanapoanza.

Binti yake, Nice, naye alisomea mawe, ila ya sayari ya Mirihi. Kuna chombo kinaizunguka sayari hiyo kikipiga picha, naye chuoni anachambua miamba inayoonekana.

"Jiwe hujaligonga nyundo, utajuaje kama ni zima?" mama alimtania.

"Ndiyo shida yetu, mama."

Likizo moja Nice alimwonyesha picha ya ukingo mrefu wa mwamba huko Mirihi. Matabaka yake yalipangana karibu sawa na ukuta wa nyuma wa machimbo: jivu la volkano, matope, jivu tena. Kama angeupima ukuta ule kwa mkono, angejua picha za angani zinamficha nini. Utafiti wake wote aliujenga hapo.

"Naomba usiuguse mpaka nirudi na vifaa."

"Na malori ya mkandarasi aliyeagiza mawe? Nimwambie Mirihi wameweka oda?"

"Ni muhimu kwangu, mama."

"Haiwezekani."

Moyoni Aikande alishapata njia: mkandarasi angeanza na mawe ya upande wa chini. Alingoja tu binti abembeleze, au hata anune, ndipo amlegezee. Nice akasema, "Sawa, mama," akaosha vyombo. Asubuhi akaaga, akaenda zake.

Aikande akangoja simu. Malori yakaja kabla ya simu. Naye, kwa ubishi wake, akaacha ukuta uvunjwe.

Simu ilipokuja, ilianza na shikamoo, kisha habari za afya. Aikande ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Mbona hukuniomba tena? Ningekubali!"

"Ulisema haiwezekani, mama. Nilikuamini."

"Kuna machimbo mengine, nitakupeleka mwenyewe."

"Nimeshabadilisha mada ya utafiti. Sasa nasoma mchanga wa huko Mirihi, unavyopeperushwa na upepo."

Aikande hakuwahi kuuliza swali kuhusu sayari ile bila mzaha. Siku hiyo aliuliza: mchanga wenyewe ukoje, upepo unavuma kutoka wapi. Nice alimjibu kila swali, kwa adabu na kwa ufupi, kama anavyojibiwa mgeni.