Siku ng'ombe mwekundu alipolia

Wifi yangu, mke wa kaka, hakai. Ukimkuta ameketi, ujue anavaa viatu vya mpira aende bandani. Siku ile mahangaiko yalizidi. Ng'ombe wake mwekundu alikuwa amepandishwa wiki tatu kabla, baada ya mbegu kukataa kushika mara mbili. Joto la kutaka dume lisiporudi sasa, ana mimba. Likirudi, kaka alishasema, ng'ombe anakwenda kwa mchinjaji.

Na ndiyo siku wakwe watarajiwa wa binti yao walipokuja kula chakula cha mchana.

"Mama, leo tulia basi," binti alimwomba.

"Nimetulia," alijibu, naye yuko dirishani.

Akamimina chai, akatoka. Akapakua wali, akatoka. Kila akirudi, pindo la gauni lake jipya limeongeza majani makavu.

Mama wa kijana akaniinamia. "Dada, mwenzetu tumbo linamsumbua?"

"Linamsumbua, ila si lake. La ng'ombe."

Hapo ng'ombe akalia. Akalia tena, mlio mrefu, ule ule wa joto. Kaka akaweka kijiko chini bila kumtazama mtu. Wifi akavua viatu vya kisigino, akatoka mbio, peku. Mama wa kijana akamfuata, nami nyuma yao.

Ng'ombe alikuwa anazunguka bandani, hatulii. Wifi akainua mkia, akakagua, akakagua tena. Pakavu, hapana ute wa joto.

"Mwenzangu," mgeni akauliza, akichungulia birika tupu la kunyweshea, "huyu kanyweshwa saa ngapi?"

Wifi akashika mdomo. Bomba halikutoa maji tangu alfajiri, na pipa la bandani tulilimaliza kwa kupikia, kuosha vyombo na kunawisha wageni.

"Maji yake mmenawa nyinyi," akasema.

"Basi tumrudishie."

Wakabeba madumu kutoka kwa jirani, mama mkwe mtarajiwa na gauni lake la kutokea. Ng'ombe akanywa mpaka akakoroma, akalala, akaanza kucheua.

"Haya, kamalize kula," mgeni akamwambia.

"Bwana mifugo alisema joto huweza kuchelewa mpaka kesho," wifi akajibu.

Kaka akaja na vile viatu mkononi. Akainua mkia mwenyewe, akaona pakavu, akajifutia mikono kwenye suruali yake nzuri.

"Mchinjaji nilimwambia aje jioni. Nitampigia asije, kesho ipite kwanza."

"Ikipita salama?"

"Anabaki. Sasa utakaa chini?"

"Nitajaribu."

Wifi akavaa viatu, akatembea nasi mpaka mlangoni. Tulipogeuka kumkaribisha kiti, alikuwa ameshafika nusu ya uwanja, anarudi bandani.