Nilikanyaga Cherehani, Hakujibu

Nakumbuka mpaka rangi ya kitambaa kilichokuwa chini ya sindano siku ile, mwanangu. Kilikuwa cha zambarau, cha mushanana, lile vazi letu la sherehe, ya wifi yangu aliyekuwa anaolewa, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumshonea yeye na wasindikizaji wake wote. Nilikuwa mke mpya nyumbani kwa mama mkwe, hapa hapa Biryogo, na mimba yangu ya kwanza ilikuwa imefika mwishoni. Cherehani ilikaa barazani, ile ya kukanyaga kwa miguu, na tumbo lilikuwa limekua hata meza naifikia kwa shida.

Sasa yule mtoto alikuwa na tabia yake. Asubuhi anaweza kutulia kabisa, lakini mchana nikikaa tu nikaanza kukanyaga, naye anaanza. Anapiga ubavuni, anajigeuza, mpaka kitambaa kinaruka mapajani. Nilikuwa namgombeza kwa sauti, "Wee, niache nimalize pindo!" na wapita njia wanacheka. Tulizoeana hivyo, mimi na yeye.

Siku ile nikakaa, nikakanyaga, kimya. Nikabadilisha mkao. Nikamaliza pindo lote, bado kimya. Nikaacha kazi, nikaingia uani nikamkuta mama mkwe anachambua mchele pamoja na wanawake waliokuja kusaidia maandalizi.

"Mama, mtoto leo hachezi."

Hakuinua hata macho. "Iko anapumzika, mukazana. Mwezi wake imefika, huko ndani nafasi imekwisha. Unataka acheze mpira?"

Mukazana, yaani mkaza mwana. Jina langu sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Wanawake wakacheka. Mmoja akaniletea soda baridi, eti ninywe nilale ubavu, mtoto atashtuka. Nikanywa, nikalala. Tumbo likakaza, likaachia. "Umeona?" wakasema, wakapiga kigelegele. Mimi nilijua kwamba lile si teke. Teke la mwanangu nilikuwa nalijua. Lakini ningemwambia nani, na wao wameshafurahi?

Jioni nikamwambia mume wangu kwamba nataka kwenda kituo cha afya. Kilikuwa karibu, hata moto, pikipiki ya abiria, huhitaji kupanda, unafika kwa miguu. Badala ya kunitafutia kitenge cha kujifunga, akaenda kumuuliza mama yake. Akarudi na jibu kana kwamba ni lake.

"Mama amezaa saba. Wewe umezaa wangapi?"

Nguo zimalizwe kwanza, akasema, tutakwenda harusi ikiisha. Basi nikashona. Harusi ikapendeza, mwanangu, ikapendeza sana, mpaka wageni wa upande wa bwana harusi, waliotoka Kagugu, wakauliza fundi ni nani.

Walipoondoka wageni ndipo nikapelekwa. Nesi akaniwekea tumboni kile kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto, akakisogeza, akakisogeza tena, akaita mwenzake. Mwenzake naye akakisogeza. Hakuna aliyenitazama usoni. Nikahamishiwa hospitali, nikamzaa mtoto wa kiume, viungo vyote kamili, nywele nyingi, na chumba kizima kimya. Nilimuuliza nesi kama angepona iwapo ningekuja siku ile ile. Akasema hawezi kujua. Pengine ndiyo, pengine hapana. Hiyo "pengine" naishi nayo mpaka leo.

Lakini hata hilo silo lililonichoma kuliko yote. Tulipokaa msibani, mikeka imetandikwa na majirani wamejaa, mama mkwe alipiga mapaja yake akalia mbele ya watu wote: "Mukazana wangu, kwa nini hukusema? Ungesema tu, tungekimbia!" Na wale wale waliopiga kigelegele wakatikisa vichwa, wakanihurumia kwa ujinga wangu. Mume wangu akautazama mkeka. Nami, kwa heshima niliyofundishwa, nikanyamaza.

Mama mkwe amekwisha kufa. Nilimuuguza mimi, nikamwombea mimi. Kumsamehe bado, na nisikudanganye, dalili yake siioni.

Mwanangu, mimba yako nayo sasa imefika pale ambapo kila mtu anakuuliza "bado?" Sikiliza. Jifunze jinsi mwanao anavyocheza, wakati gani na kwa namna gani, maana kila mtoto ana yake na hakuna anayeyajua ya wako kuliko wewe. Akipunguza, au moyo ukikuambia tu kwamba hii si kawaida yake, nenda wakaangalie siku hiyo hiyo. Usingoje kesho, wala usikae kungoja soda ifanye kazi. Haya maneno ya kwamba mtoto huacha kucheza akikaribia kuzaliwa ni uongo, na uongo huo umezika watoto. Wakikupima wakakuambia yuko salama, mshukuru Mungu urudi nyumbani. Akipunguza tena, rudi tena, hata nesi akununie. Bora aseme unasumbua.

Na usiombe ruhusa. Mimi nilidhani kusema kunatosha, nikasema kwa mama, nikasema kwa mume, kisha nikakaa kungoja nijibiwe. Wewe vaa viatu kwanza, uwaage ukiwa mlangoni. Anayetaka kukasirika atakukuta umesharudi.

Mungu akujalie mtoto msumbufu, akupige mateke mpaka chai ikumwagikie. Na siku akitoka, alie mpaka majirani wote wa kichochoro hiki walalamike. Mimi sitalalamika.