Siku Niliyokwenda Kukihakiki Kijumba cha Bwawani

Naona aibu kuisimulia, lakini kwa kuwa nusu yenu mmeshaiona ile picha kwenye simu zenu, mie nimekaa kwenye benchi, mtandio umeniangukia begani, na chini wameandika kwa herufi kubwa MUOGOPENI MAMA HUYU, basi bora mnisikie mwenyewe kuliko kuwasikia mafundi wenzangu wanaotia chumvi. Mie si tapeli. Sijawahi kuuza kiwanja maishani mwangu, hata cha kuzikia paka sina. Mie ni fundi cherehani wa Kinondoni, kibaraza kilekile tangu mwanangu Salum hajaanza shule, na anayebisha aje nimpime.

Ila nina ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ni kutomwamini mtu. Maziwa nayanusa mbele ya muuzaji, mtungi wa gesi naupeleka kwenye mizani ya jirani muuza nyanya, na daktari akiniandikia dawa namuuliza kwanza yeye akiumwa anakunywa ipi. Salum alinipachika jina la Mama Hakiki, na mie (akili yangu hiyo) nilikuwaga naona nimepewa sifa.

Salum alipooa, wakakaa na mie chumba cha uani wakijikusanya, na huyo mkewe Jamila nilimhakiki tangu siku ya kwanza, anavyokosha vyombo, anavyoongea na simu, anavyocheka. Mwezi mmoja kabla ya Ramadhani bangili zangu mbili za dhahabu zikapotea. Jamani, sikumwita mtu mwizi, nilichosema ni kwamba humu ndani tuko watatu na mmoja ni mgeni. Jamila alilia siku mbili. Siku ya tatu nachota unga wa mtama, bangili hizo hapo ndani ya kopo, nilizificha mwenyewe zisiibiwe nikasahau.

Salum alinikalisha kitako. "Mama, ukimshuku mke wangu tena, hata mara moja, sie tunahama. Kuna chumba na sebule Madale, nishakiona."

Madale! Kule vilimani, mjukuu akizaliwa si nitakuwa namwona sikukuu kwa sikukuu? Nikaapa mbele yao wote wawili, mkono kifuani, kwamba Jamila sitamhakiki tena mpaka naingia kaburini.

Sasa huyo Jamila, ambaye moyo wake sijui umeumbwa na nini, Idi imepita wiki mbili tu akanijia na simu yake. "Mama, tangu nikujue sijakuona umepumzika hata siku moja. Nimetukodia kijumba, Ijumaa mpaka Jumapili, sie watatu." Akanionyesha picha, kijumba cha mbao kando ya bwawa huko ndani Kimbiji, kibaraza chenye viti, jiko la kuchomea samaki, na bembea ya kamba ya kulala mtu mzima. Nikamwambia ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie. Moyoni nikasema, hiki hakipo.

Maana zile picha zilikuwa nzuri kupita kiasi. Halafu nani mwenye akili zake atajenga nyumba ya mbao Kimbiji, na mchwa wote wale? Na bwawa limetoka wapi, mbona Kimbiji ninayoijua mie ni ya bahari? Kilichonimaliza ni mwenye nyumba, mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, Bwana Murtaza, ana duka la vifaa vya ujenzi, alipiga simu nikiwa hapohapo akamwambia Jamila "jisikie uko nyumbani, sista" mara mbili. Mara moja ni ukarimu, mara mbili anaficha kitu. Usiku ule na uliofuata sikulala vizuri.

Jumatano asubuhi nikafanya lile kosa dogo. Nikamwambia Jamila mgongo unaniuma, leo sifungui kazi, nalala. "Pole mama," akasema, "nimekuachia uji kwenye chupa, usiinuke." Nikaunywa ule uji (ulikuwa na tangawizi, nakumbuka), nikamsikia anafunga geti kwenda kazini kwake duka la dawa, nikajitanda mtandio nikatoka. Nia yangu ilikuwa njema, nyie. Nikichungulie kwa mbali, kama hakipo nitafute namna ya kumwokoa bila yeye kujua kwamba nilimhakiki.

Ng'ambo ya Kigamboni nikapanda bodaboda, tukala vumbi mpaka Kimbiji, tukauliza, tukaelekezwa, na kijumba kikawepo. Kipo! Kibaraza kipo, bembea ipo, bwawa lipo limetulia na ndege weupe wamesimama majini. Mtu mwingine angegeuza hapohapo akarudi kulala na mgongo wake. Lakini mie nikaona ukutani wameandika kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI, tena pande mbili, na wote tunajua hapa Dar mtu haandiki hivyo mpaka kuna mjanja aliyejaribu kuiuza. Basi shaka ikaniingia upya, kijumba sawa kipo, lakini huyo Murtaza ndiye mwenyewe? Nikatoa simu, nikapiga picha mbele, ubavuni, na yale maandishi kwa karibu.

"Shikamoo mama, nikusaidie?"

Mtu mzima mmoja kasimama nyuma yangu na fyekeo lake, ndiye mtunzaji wa pale, anaitwa Kibwana. Ningemwambia mie ni mgeni wa Ijumaa yangeisha. Lakini angemwambia Murtaza, Murtaza angemwambia Jamila, na mie nikaiona Madale hii hapa. Nikasema lililonijia mdomoni.

"Marahaba baba, natafuta kiwanja. Nimesikia hapa panauzwa." Na ili nionekane mnunuzi kweli nikaongeza, "Ni hatua ngapi kwa ngapi?"

Kibwana aliliweka fyekeo chini taratibu. "Nani kakwambia panauzwa?"

"Dalali."

"Dalali gani?"

"Jina... jina limenitoka."

Akapiga mluzi. Sikujua Kimbiji ina watu wengi vile, wametoka mashambani, wametoka kuanika dagaa, mama mmoja kaja na mwiko. Yule bodaboda wangu alipoona hivyo akawasha pikipiki akaondoka, hata nauli yake hakudai. Wakanipeleka ofisi ya serikali ya mtaa, mie katikati, na ndipo njiani nikaelewa: mwezi uliopita mama mmoja mwenye heshima zake, mtandio na mkoba mkubwa kama wangu, alikuja "kuangalia" kiwanja, akaliuza mara mbili, na baadaye familia mbili zikagombania shamba moja kwa mapanga.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa mwanamke wa rika langu, kavaa miwani, hacheki. "Fungua mkoba, mama."

Ikatoka futi yangu ya kupimia nguo. Watu wakaguna. Kikatoka kidaftari changu cha kazi, akakifungua akakisoma kwa sauti: "Mama Asha, arobaini na mbili kwa thelathini na nane. Bi Mkubwa, hamsini kwa hamsini na sita, aongezewe upande wa nyuma." Akanitazama juu ya miwani. "Kumbe umeshatugawa wote?"

"Hayo magauni, mwenyekiti!"

"Gauni la hamsini na sita?"

"Hujamwona Bi Mkubwa!"

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo mtu akanipiga ile picha.

Nikaona sina budi. Nikasema mie ni mgeni wa Bwana Murtaza, nimekodiwa kijumba, naja Ijumaa. "Si ulisema unatafuta kiwanja?" akauliza Kibwana, na swali lake lilikuwa la haki kabisa. Mwenyekiti akampigia Murtaza, akaweka sauti ya nje ofisi nzima isikie. Murtaza akasema mgeni wake wa Ijumaa ni binti anaitwa Jamila, ngoja amuunganishe kwenye simu. Akamuuliza kama mama aliyeshikwa Kimbiji ni wa kwake, na mara nikasikia sauti ya mkwe wangu.

"Hapana kaka, mama yangu yuko nyumbani kalala, mgongo unamsumbua, mie mwenyewe nimemwachia uji. Huyo ni tapeli, kajuaje sijui kwamba tumekodi. Tena msimwachie!"

"Aaaah!" ofisi nzima. Ananitetea mie, dhidi yangu mie. Ningeweza kunyamaza nikapelekwa polisi, na wallahi kwa sekunde kadhaa nililifikiria.

"Jamila," nikasema. "Ni mie."

Ofisi nzima ikaisogelea ile simu.

"Mama?"

"Naam."

"Na mgongo?"

"Umepoa."

Simu ikakatika.

Nilikaa kwenye lile benchi mpaka alasiri. Watu wanapita mlangoni, wanaulizana "ndo huyu?", wanaondoka. Mie sikuwa nao. Nilikuwa nahesabu siku walizobaki nazo nyumbani kwangu, na nilijua nimevitoa vitanda vyao uani kwa mikono yangu mwenyewe.

Jamila alifika na koti lake jeupe la dukani, kaomba ruhusa. Alimwamkia mwenyekiti, mie hakunitazama. Mwenyekiti akamsogezea daftari. "Sie hatumwachii mtu hivihivi, binti. Ukisaini hapa, huyu akirudi kutapeli tunakushika wewe. Sasa nikuulize mbele ya watu. Unamwamini?"

Jamila alilivuta lile daftari. Alilisoma mstari kwa mstari mpaka Kibwana akakohoa. Nilitamani nimwambie aseme hapana, maana ningekuwa mie ningesema hapana, na kwa jambo dogo zaidi ya hilo nilishawahi kusema.

"Namwamini," akasema. Akashika kalamu, na palipoandikwa uhusiano hakuandika mama mkwe, akaandika Mama. Nililia palepale, mtu mzima mie, mbele ya Kibwana na yule mama wa mwiko.

Njiani tulifika mbali ndipo akanisemesha. "Kwa hiyo kipo?"

"Kipo."

"Kizuri?"

"Kuliko picha."

"Haya. Ijumaa tunakuja."

Na tulikwenda. Kibwana alinipokea begi, "Karibu Mama Kiwanja," na jina hilo ndilo ninaloitwa Kimbiji mpaka leo. Nilikula samaki, niliilalia ile bembea, na kila aliyepita alinisalimia vizuri halafu akazunguka nyuma kuangalia kama sipimi kitu. Futi niliiacha nyumbani.

Lakini ile picha ilishamfikia Salum jioni ileile ya Jumatano, na Salum ni mtu wa neno lake. Nilimsikia Jamila akimsihi waghairi (ndiyo, niliweka sikio ukutani, mara ya mwisho hiyo), hakughairi. Mwezi uliofuata vitanda vikapandishwa kwenye kirikuu. Gari linawashwa, Jamila akashuka, akanishika mkono akaniwekea ufunguo.

"Huu wa kwetu Madale. Siku ukitaka kuja kuhakiki, mama, usiseme unatafuta kiwanja. Fungua tu uingie."

Nimeapa tena, na safari hii sikuapa mbele ya mtu. Jumamosi iliyopita nilikwenda kwao, nikakuta wametoka, mvua ikanikuta mlangoni, na ile nyumba haina kibaraza. Ufunguo ninao mkononi. Nilibisha hodi, nikabisha tena, nikasimama nikaloa mpaka kanga ya ndani. Jamila aliporudi alishika kichwa.

"Mama! Si una ufunguo?"

"Ninao," nikamwambia. "Nilikuwa nakungoja unikaribishe."