Maneno ya Mwisho wa Kaseti

Kazi ya mashine ya kusaga haina siri: unarudi nyumbani mweupe pe, hata mbwa wa jirani anakubwekea upya. Mzee mmoja alirudi hivyo kwa miaka ishirini na sita, na kila jioni, kabla hata ya kuoga, alikaa kwanza kwenye meza yake ya ufundi. Watu walimwita Fundi Risasi, kwa ule waya laini wa risasi aliouyeyusha kuunganishia vipuri. Alinunua amplifaya za bei ya chee, akazipasua matumbo, akang'oa kapasita dhaifu za kiwandani, vile vipuri vya kuhifadhi umeme, na kuchomelea nyingine za maana.

Tangu mkewe afariki, alibaki na amplifaya moja na kaseti moja. Siku aliyoletwa nyumbani mjukuu wao wa kwanza, mzee alikuwa akijaribu kinasa sauti, akakisahau jikoni kikiwa kimewashwa. Kikanasa mazungumzo ya mkewe na binti yao. Kicheko cha mkewe kipo, kile cha kutoka kifuani. Lakini mwishoni anashusha sauti, anasema jambo, na jambo lenyewe halishikiki. Mzee alitaka kulisikia kabla hajamfuata. Hakuwa na haja nyingine duniani. Wala hakumwekea mtu kaseti ile. Fundi haonyeshi kazi mbichi.

"Vitu vya rahisi hula sauti," alijiambia, akabadilisha kapasita zote. Mwaka ukapita. Wa pili akabadilisha na spika ndogo, ile ya sauti nyembamba. Mkono ulikuwa umeanza kutetemeka, risasi ikadondokea pasipo pake, akaifuta na kuanza upya, mgongo ukimuuma. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Yeye alivumilia mpaka meno yakaisha.

Jumamosi moja mchana binti yake akaja kumtazama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, kaa hapo. Leo imeiva. Msikilize mama yako."

Akawasha. Binti akaziba masikio kwa viganja vyote viwili.

"Baba, punguza! Inakata kama kisu!"

"Inakata? Mbona mimi naisikia kama imefunikwa blanketi?"

Binti akaifikia amplifaya. Alizima mwenyewe, akaliangalia kopo lililojaa kapasita zilizong'olewa, machozi yakamtoka. Mzee akaitazama amplifaya, kisha akamtazama binti, na polepole mambo yakamwingia. Miaka ishirini na sita ya ngurumo za mashine. Miaka miwili alikuwa akimtibu asiye mgonjwa. Akaweka chini chuma cha kulehemu. Alichoka ghafla, uchovu ambao usingizi hauuwezi.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Zamani, baba. Kabla mama hajaondoka."

"Na mkaninyamazia wote."

Binti akavuta kiti, akakaa mbele yake uso kwa uso, akapaza sauti.

"Ndiyo hayo anayosema pale mwisho. Anasema: 'Baba yako hasikii vizuri siku hizi. Usimwambie, mwanangu, ataumia. Ukiongea naye kaa mbele yake, akuone mdomo. Mimi ndivyo ninavyofanya.'"

Mzee alikuwa amelisikia kila neno. Hata hivyo alimwomba arudie.